Mtindi, Asali na Magauni ya Asha

Kama umekaa kwenye benchi la kliniki, kadi iko mkononi na kidole gumba kimefunika zile kilo ili jirani asizione, basi sogea kidogo tukae wote. Mimi nilikalia benchi hilo mvua zikaanza na kuisha, alizeti ikavunwa, na upepo wa kipupwe ukapita. Sina elimu ya udaktari. Ni fundi cherehani hapa Singida mjini, na nitasimulia niliyoyaona, wivu ukiwemo, maana wivu ulikuwa sehemu ya ugonjwa wangu na nikiuruka nitakuwa nimekudanganya.

Nilinenepa baada ya kumzaa mtoto wa tatu na sikuona shida yoyote. Kwetu mwanamke akijaza, watu husema ametunzwa. Mume wangu, Baba Rehema, tukienda harusini alitembea kifua mbele, kana kwamba kilo zile amezilima yeye. Mdogo wangu Asha, aliyenifuata ziwa, alikuwa na mwili uleule. Tukivaa sare watu walituuliza kama tulizaliwa pacha, nasi tulifurahi kuulizwa.

Kilichonipeleka hospitali ni kitovu. Kilianza kuchomoza nikikohoa. Baadaye kikawa kinatoka nikiinama kuokota bobini, nami nakirudisha kwa kiganja na kuendelea kushona. Mchana mmoja, sare za shule zikiwa zimejaa mezani, kilitoka kikagoma kurudi. Nilitapika, nikalala chini juu ya mabaki ya vitambaa, na binti yangu Rehema akaenda mbio kuita bajaji. Kilirudi chenyewe tukiwa njiani, lakini maumivu yale siyasahau.

"Mama, hii ni ngiri ya kitovu," daktari aliniambia.

"Ngiri si ugonjwa wa wanaume?"

"Na wanawake wanapata. Inatakiwa ishonwe. Ila nikikushona leo na tumbo hili, mshono utaachia. Punguza uzito kwanza. Na usikawie, kwa sababu siku utumbo ukinasa hapo hatutapata nafasi ya kusubiri."

Kwa fundi maneno hayo hayahitaji tafsiri. Kitambaa kilichovutwa sana ukikishona kinachanika pembeni mwa uzi, hata uzi uwe imara namna gani. Nilitoka kwenye chumba kile naogopa kufa, na naogopa zaidi kuulizwa na watu kwa nini napungua.

Asha alikuwa amekuja kutoka Sepuka kunisindikiza. Nesi alipomaliza kunipima alimtazama, akasema, "Na wewe mama, panda." Asha akapanda, akanizidi. Tulicheka mpaka benchi zima likacheka nasi, naye akaandikiwa kadi yake. Tulipofika kwenye kipimo cha sukari, mimi nilitobolewa kidole. Asha alificha mikono ndani ya mtandio.

"Mimi msindikizaji," alisema. "Damu yangu niachieni."

Tangu utotoni Asha anaogopa sindano kuliko nyoka. Nesi alikuwa na foleni ndefu, akamwacha.

Tulipelekwa kwa dada wa lishe, binti mwembamba mwenye sauti ya upole. Nilianza kumchukia kwa ajili ya kiuno chake, kisha akanishinda kwa uungwana. Alitueleza kwamba tumboni kuna vijidudu, wengine wazuri na wengine wasumbufu. Wale wazuri wanapenda maziwa yaliyoganda, mlenda, kunde, ugali wa uwele na mtama usiokobolewa. Ukiwalisha vizuri wanakusaidia. Ukiwalisha soda na maandazi, wanakuachia wale wabaya.

"Lakini si uchawi," alisema. "Mtindi ni chakula. Kunyweni bila sukari, punguzeni ugali, tembeeni. Mkija tena tutaona."

Kwenye benchi siku hiyo tulikaa na mzee mmoja wa Mgori mwenye kisukari, mchangamfu, aliyemsimulia kila mtu namna alivyougua. Alisema alikuwa akikojoa nyuma ya zizi, na siku zikapita anaona sisimizi wamejaa palepale, wanapita kila kitu na kwenda kwenye mkojo wake. "Sisimizi walinipima kabla ya daktari," alisema, na watu wakacheka. Mimi nilicheka na kuendelea kuwaza tumbo langu.

Sasa nikueleze habari ya kibuyu. Mama yetu alikuwa na kibuyu cha maziwa alichorithi kwa mama yake. Kila siku ukimimina maziwa mapya, yale kidogo ya jana yaliyobaki chini ndiyo yanayoyagandisha. Sisi huita mbegu. Kibuyu hakimaliziki kabisa, mbegu lazima ibaki. Mimi ndiye mkubwa, na nilijua kitakuja kwangu. Mama alimpa Asha.

"Wewe uko mjini," aliniambia wakati ule. "Utagandisha maziwa ya pakiti? Asha ana ng'ombe."

Mama hajibiwi. Lakini neno lile lilikaa kifuani mwangu miaka yote, na siku dada wa lishe alipotaja maziwa yaliyoganda liliamka tena. Asha alikuwa na kibuyu, na mama anaishi kwake. Mimi nilikuwa na ndoo ya plastiki na mtindi wa dukani.

Kliniki iliyofuata ilikuwa wakati alizeti inachanua. Mimi nilikuwa nimejitahidi. Nilikunywa mtindi asubuhi na jioni, nikatembea mpaka magoti yakalia. Nilipopanda mizani, mshale ulisimama palepale pa zamani. Asha akapanda. Nesi alitazama, akatazama tena, kisha akamwita mwenzake waje waone.

"Mama umefanyaje?" walimwuliza.

"Mtindi tu," alisema Asha, akinitazama kwa huruma.

Huruma ile ndiyo iliyoniuma. Angenicheka ningempiga kikumbo tukayamaliza.

Kuanzia hapo Asha alianza kuniletea magauni. Alikuwa akifika na basi la asubuhi, mfuko mkononi, ananuka moshi wa kuni na maziwa. "Dada, yananipwaya. Nipunguzie kiuno." Nani mwingine angempunguzia? Mimi ndiye niliyeyashona. Basi nilimzungushia futikamba, nikavuta, na kila alipokuja ilikuwa fupi zaidi. Akiondoka, nilifunga mlango na kuyafumua ya kwangu pembeni ili niyaongeze.

Nitakwambia nilichofanya, na sikioni kibaya mpaka leo. Fundi akipunguza gauni kwa kiasi kile hukata kitambaa kinachozidi, la sivyo kinajikunja ndani na kumkwaruza mvaaji. Mimi sikukata. Nilikikunja ndani ya mshono, nikakibana kwa uzi, nikasema moyoni: atarudi tu. Huyu atanenepa tena, na siku hiyo ataniletea magauni nimfumulie, nami nitakuwa nimekaa hapa na kiuno changu. Kila nilipopiga pasi mshono ule mnene nilipata raha kidogo. Katika miezi hiyo sikuwa na raha nyingi, kwa hiyo nilizipokea zilizokuja.

Wivu wa mwili ni kitu kigumu kukieleza kwa mtu asiyekuwa mnene. Nilimwonea wivu kwa namna alivyoinuka kwenye kiti bila kushika meza, namna alivyofunga kamba za viatu, namna alivyopanda basi bila kondakta kumwangalia kwa hesabu ya nafasi. Hata jasho lake lilipungua. Mimi nilikuwa na upele chini ya matiti na katikati ya mapaja, naupaka poda. Nikihema kidogo tu Baba Rehema huniangalia.

"Muulize mdogo wako anafanyaje," alisema jioni moja tukila.

"Nimemuuliza. Mtindi."

"Na wewe si unakunywa mtindi?"

Nilinyanyuka na sahani yangu nikaenda kulia jikoni. Baba Rehema si mtu mbaya. Alisema tu alichokiona, na alichokiona ndicho nilichokuwa nakiona hata nikifumba macho. Hatukusemeshana mpaka Rehema alipotuchoka, akawa anatupelekea salamu kutoka chumba kimoja kwenda kingine kwa kejeli.

Nikanunua vidonge. Mama mmoja aliyekuwa akipita madukani aliniambia vina vijidudu wazuri mamilioni, wamekaushwa, wakifika tumboni wanaamka. Huenda waliamka, maana tumbo lilinguruma wakati wa kupima wateja mpaka nikawa nawasha redio. Uzito haukushuka. Dada wa lishe alipovisoma alinirudishia kopo taratibu.

"Mama Rehema, huo mtindi wako unaula na nini?"

"Na ugali."

"Ugali kiasi gani?"

Nikamwonyesha kwa mikono. Akashusha mikono yangu, akaileta karibu mpaka ikabaki nafasi ya ngumi. Nilikuwa naongeza mtindi juu ya kila kitu nilichokuwa nakula zamani, kama dawa inayomezwa baada ya chakula. Alinieleza vizuri. Sikumsikiliza, maana nilishaamua kwamba siri iko kwenye kibuyu cha mama, na kwamba Asha ananificha.

Baada ya mavuno, upepo wa baridi ulipoanza, nilifunga cherehani nikasema naenda Sepuka kumwona mama. Mama alikuwa mzima wa afya. Nilikwenda kumpeleleza mdogo wangu.

Nilifika adhuhuri. Asha alikuwa uani anapepeta uwele, na kwanza sikumtambua. Mabega yalikuwa yamechongoka, shingo imerefuka. Moyo uliniuma kwa wivu mpaka nikasahau kusalimia, na mama ndiye aliyenikumbusha.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umemwona mdogo wako alivyopendeza? Amekuwa msichana tena."

Nilikaa pale nikimchunguza Asha kuanzia anapoamka. Alichokula nilikula. Alipokwenda nilikwenda. Na siku ya pili nikaikamata siri yangu. Alimimina mtindi kwenye bakuli, kisha akatoa chupa ya asali kabatini, akaimwaga bila kupima.

"Asha! Si tuliambiwa bila sukari?"

"Sukari siweki. Hii ni asali."

Mama aliyekuwa jikoni akaitikia, "Asali si sukari. Asali ni dawa. Babu yako alikunywa asali mpaka anazikwa alikuwa na meno yote."

Mtu wa kwingine angeshangaa. Mtu wa Singida ananielewa. Sisi asali tunampaka mtoto mdomoni, tunaweka kwenye kidonda, tunampa mgonjwa wa kikohozi na mgeni wa heshima. Ukituambia tuache sukari tunaacha, na tunakutana na asali tukiwa na dhamira safi. Hata dada wa lishe hakuitaja. Nami nilifurahi kupita kiasi, maana sasa nilijua. Nilichukua bakuli, nikamwaga asali kumshinda Asha, nikanywa nikiona kiuno kinakuja.

Lakini mpelelezi akishaanza kazi macho hayalali. Nilikuwa nimekuja kuhesabu anachokula, nikajikuta naona anachokunywa. Asha alikunywa maji asubuhi kabla ya kunawa. Alikunywa akiwa shambani, akirudi, akipika. Dumu lililotosha nyumba nzima lilikuwa likiisha mchana, na mumewe akawa analalamika kwamba wageni wa mjini wanaoga sana. Akinywa, anakwenda chooni. Akitoka chooni, anakunywa. Mchana alilala chini ya ukuta mdomo wazi, yeye ambaye zamani alipalilia mpaka wanaume wakaona aibu. Alinipa sindano nimtungie uzi kwa sababu tundu halioni, na mimi ndiye mkubwa.

Nilifurahi kwanza. Lazima niseme hivyo. Nilidhani nimegundua gharama ya uzuri wake, kwamba hali vya kutosha na ndiyo maana amechoka. Kisha asubuhi moja niliingia bafuni, lile la uani lililozungushiwa mabua, baada ya Asha kutoka. Sakafu ni ya mawe bapa. Kwenye kona aliyokuwa amejisaidia sisimizi walikuwa wamejaa mstari mnene, wanatoka ukutani, wanapita kipande cha sabuni, wanapita kila kitu.

Nilisimama pale na ndoo mkononi. Nilimkumbuka mzee wa Mgori, na kicheko cha benchi.

"Asha," nilimwambia jikoni, "jitayarishe twende kituo cha afya."

"Kufanya nini?"

"Ukapimwe sukari. Una kiu, una kojo la kila saa, macho hayaoni, na sisimizi wamejaa bafuni."

Aliweka mwiko chini. Akasema kwa sauti ya chini, "Dada, una wivu."

"Ndiyo, nina wivu. Twende ukapimwe."

"Toka nimeanza kupungua hujanisifu hata siku moja. Watu wote wananisifu. Wewe unanipima kwa futikamba kama unanipima sanda. Sasa umekuja mpaka kwangu kuniombea ugonjwa."

Mama aliingia hapo. Alisikiliza pande zote mbili na akachukua upande wa Asha, kama alivyofanya kwenye kibuyu. Alinigeukia akaniambia kwa Kinyaturu neno ambalo kwa Kiswahili ni kama kusema moyo wangu umeganda vibaya. Yeye mwanawe amependeza, anakula, anatembea, ugonjwa uko wapi? Mgonjwa ni mimi niliyeshika kitovu.

Ningeweza kufunga mfuko nikarudi mjini. Hasira niliyokuwa nayo ilitosha kunifikisha kwa miguu. Lakini nilimtazama Asha akinyanyua kikombe cha maji katikati ya ugomvi, anakunywa mpaka mwisho huku bado ananikasirikia, na nikaogopa kama nilivyoogopa kwa daktari.

"Sikia," nilimwambia. "Twende. Ukikutwa mzima, Jumapili nitaita ndugu wote hapa uani, mashangazi na wajomba. Nitasimama mbele yao niseme kwamba namwonea wivu mdogo wangu kwa sababu ni mzuri kuliko mimi. Na mama awepo."

Asha alifikiri. Nilimwona akiiona Jumapili ile, mimi nimesimama, mashangazi wameshika midomo.

"Utasema kwa sauti?"

"Kwa sauti."

"Sindano moja tu?"

"Moja tu, ya kidole."

Akaenda kuvaa. Alivaa gauni la kijani nililompunguzia mwisho, ili ashinde vizuri.

Kituoni alifumba macho akanishika mkono mpaka kucha zikaniingia. Mganga aliweka damu kwenye kile kimashine, akasubiri, akakitikisa, akachukua kingine. Cha pili kikafanya vilevile. Hakikutoa namba.

"Imeharibika?" Asha aliuliza kwa matumaini.

"Hapana mama. Imepanda kupita pale mashine inapoweza kusoma. Mumeo yuko wapi? Unahitaji hospitali leo hii."

Nilikuwa nimeshinda. Nilingoja ile raha ya kushinda ije, haikuja. Asha alinigeukia na macho ya mtoto, yale aliyokuwa nayo tulipokuwa tunavuka mto Bubu wakati wa mvua akiwa mgongoni mwangu. Nikamshika mkono tukaenda mjini.

Alilazwa. Siku za kwanza hazikuwa nzuri na sitazieleza sana, kwa sababu anayezihitaji ameziishi. Daktari wa wodi alisema upungufu wa maji na chumvi mwilini ulikuwa umeshaanza kumzidi nguvu, kwamba kule kupungua kulikuwa mwili unajila wenyewe, na kwamba tungechelewa kidogo angefika hajitambui. Nilikaa nje kwenye benchi, tofauti na lile letu, nikalia mpaka mtandio ukalowa.

Lakini wivu haufi kwa sababu umelia. Mama alihamia mjini, kwangu, na kila asubuhi aliamka kumpikia Asha uji wa mtama. Aliupoza, akauonja, akaufunga kwa kitambaa. Mimi na ngiri yangu hajawahi kunipikia hata chai. Nilibeba uji ule kwenda hospitali kwa miguu, nikamnyanyua Asha, nikamnywesha, na moyoni nasema, nami ningependa mtu aniinue hivi. Ukiuguza mtu na ukajikuta unamwonea wivu kwa kitanda chake, usijidhanie shetani. Mpe uji wake uende ukapumzike.

Mama hakuniomba radhi. Kwetu mzazi haombi radhi. Jioni moja alinikuta uani nimekaa, akaweka mbele yangu kibuyu kidogo kipya, kilichokwisha kufukizwa moshi, ndani kuna maziwa ya kidole kimoja.

"Mbegu hiyo," alisema. "Ya kibuyu cha bibi yako. Na asali usiweke."

Akaingia ndani. Nilikaa na kibuyu kile mapajani mpaka kuku wakaingia bandani.

Asha aliporuhusiwa alikaa kwangu ili awe karibu na kliniki, na nyumba ikala chakula chake. Nani apike vyungu viwili? Ugali wa uwele wa ngumi moja, mlenda, kunde, dagaa, mtindi wa kibuyu usio na kitu. Mwanzoni ulinikunja uso. Baadaye ulimi ukazoea, nikaanza kusikia utamu ambao ulikuwa umefunikwa. Asubuhi Asha aliambiwa atembee, naye hatembei peke yake, kwa hiyo tulitembea wote mpaka kule unapoliona ziwa Singida na ndege wake, tukarudi. Sikuwa najipunguza. Nilikuwa namuuguza mdogo wangu na nilishasahau kujipima.

Kabla ya mvua mpya tulirudi kliniki pamoja. Benchi lilelile. Mzee wa Mgori alikuwepo, nikamsimulia, akasema sisimizi wake wamepata wajukuu. Nilipanda mizani bila kutazama. Dada wa lishe aliisoma, akanizungusha mabega nikaone mwenyewe. Ilikuwa imeshuka, na imeshuka ya kutosha.

"Ndio wale vijidudu?" nilimwuliza.

"Ni wao, na ngumi ya ugali, na miguu yako," alisema. "Siwezi kukugawia kipi kimefanya kiasi gani."

Akapanda Asha. Watu pale wote wanakuja kushusha, kwa hiyo walishangaa waliponisikia. Mshale wa Asha ulikuwa umepanda, kilo za kwanza kurudi tangu dawa zimkubali, na mimi nilipiga vigelegele. Nesi aliniambia ninyamaze. Asha alishuka akanitazama kiuno, akatazama chake, na uso wake ukakunjamana kidogo. Niliujua uso ule. Nilikuwa nimeuvaa mwaka mzima.

Nilishonwa tumbo mvua zilipoanza. Daktari alisema kitambaa kimekubali, alikuwa amejifunza lugha yangu. Mshono haujaachia mpaka leo. Unauma kidogo kukiwa na baridi, na natembea nao.

Wewe uliye benchini, mtindi kunywa. Asali mpe mgeni. Na yule mwenzio anayepungua haraka kuliko wewe bila maelezo, mwonee wivu kama lazima, lakini mtazame vizuri na umshike mkono mkapime.

Juzi Asha alikuja na basi la asubuhi, mfuko mkononi. Amerudi mwili wa kawaida, si ule wa zamani wala ule wa sisimizi. Alitoa lile gauni la kijani akaliweka juu ya cherehani.

"Linabana," alisema, bila kunitazama. "Nadhani basi tena. Ulishalikata."

Nililigeuza ndani, nikachukua wembe, nikafumua uzi. Kitambaa kikafunguka upande huu na upande huu, kipana, rangi yake bado mpya kwa kuwa haijawahi kuona jua. Asha alikishika kwa vidole.

"Kumbe uliniachia."

"Nilikuachia."

Akakipapasa tena. Asha si mjinga, tumelala kitanda kimoja utoto wote.

"Ulikuwa unaniombea ninenepe."

"Kila siku," nilimwambia. "Vua hilo ulilovaa nikupime."